Fundi, mbona betri yangu inakufa haraka? Maswali tunayoulizwa kila siku mezani

Meza yetu ya ufundi wa simu iko Chake Chake, Pemba, na kabla ya hapo nilikaa Mlandege, Unguja, miaka kadhaa. Wateja ni wa kila aina: mwalimu wa skuli, mvuvi wa Kojani, mama wa mwani, kijana wa bodaboda. Maswali yao ni yale yale. Nimeyaandika kama yanavyoulizwa, na majibu kama ninavyoyatoa, ila hapa hanikatizi mtu anayetaka abadilishiwe kioo. Ukiwa na haraka soma la 4 na la 8, mengi yaliyobaki yanatoka humo.

## Mwanzo mwanzo

1. Betri ya simu inatakiwa ikae muda gani?

Kwa matumizi ya kawaida, miaka miwili mpaka minne kabla hujaanza kulalamika. Betri ni kitu cha kuisha, kama tairi la gari. Tofauti yake na tairi ni kwamba betri inazeeka hata ikiwa imekaa kabatini.

Karibu betri zote za simu za leo ni za lithiamu-ioni. Sony ndiyo iliyoziingiza sokoni mwaka 1991, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia kwa kazi iliyozizaa. Ndani mna pande mbili. Unapochaji, lithiamu inasafiri kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Unapotumia simu, inarudi. Chukulia boti baina ya Mkoani na Malindi ya Unguja ambayo kila safari abiria wawili watatu hawarudi. Wamenasa kwenye utando mwembamba unaojijenga upande mmojawapo, ule wa grafiti (aina ya kaboni). Utando ukinenepa, abiria wanapungua, na wewe unaona chaji iliyokuwa inafika Isha sasa inaishia Alasiri. Huwezi kuuzuia utando ule. Unaweza kuuchelewesha, na ukurasa huu wote ni habari ya kuuchelewesha.

2. Kila nikichomeka chaja nahesabiwa duru moja?

Hapana. Duru moja ni asilimia 100 iliyotumika, hata ukiimaliza kwa siku mbili. Leo umetumia 60 ukachaji, kesho umetumia 40 ukachaji: hiyo ni duru moja, ijapokuwa umechomeka mara mbili.

Apple inaeleza kwamba betri za iPhone 14 na zilizotangulia zimeundwa zibakishe asilimia 80 ya uwezo wake baada ya duru 500, na kuanzia iPhone 15 baada ya duru 1000. Hesabu hiyo ni ya mazingira mazuri. Mtu anayemaliza duru moja kila siku anafika 500 katika mwaka mmoja na miezi minne hivi, kwa hivyo ukiona simu yako ya mwaka wa pili imepunguza nguvu, hujarogwa.

3. Simu mpya lazima niichaji saa nane kabla ya kuiwasha?

Sharti hilo ni la zamani, la betri za nikeli. Zile zilikuwa na tabia ya "kukumbuka": ukizichaji nusu nusu zinazoea ile nusu. Lithiamu haina tabia hiyo. Simu inatoka kwenye boksi ikiwa na chaji kiasi, iwashe utumie. Muuzaji akikusisitizia saa nane, mshukuru, kisha endelea na shughuli zako.

## Usiku, asilimia, na hofu ya kukatikiwa umeme

4. Nikilala na simu kwenye chaji mpaka alfajiri, naiua?

Kwa usiku mmoja, wala. Simu ikifika 100 inajikatia yenyewe; haifuriki kama ndoo iliyosahauliwa chini ya mfereji. Shida ni kukaa pale juu. Kwenye 100 betri inakuwa na volti 4.2 au zaidi, simu nyingi mpya zinakaribia 4.4 au 4.5, na hali hiyo ya kushiba ndiyo inayounenepesha utando niliousema katika swali la 1. Ikishuka ikawa 99 au 98, chaja inaijazia tena. Unalala saa saba, na saa tano kati ya hizo betri imevimbiwa.

Sasa ongeza joto. Simu iko chini ya mto, chumba hakina feni, na ni mwezi wa pili. Kushiba na joto vikikutana, hapo ndipo betri za watu wetu zinapokwisha, kuliko sababu nyengine yoyote ninayoiona hapa mezani.

Tabia yenyewe naijua ilikotoka. Mei 2008 njia ya umeme wa kutoka bara iliharibika na Unguja ikakaa karibu mwezi mzima gizani. Disemba 2009 ikatokea tena, safari hii mpaka Machi 2010. Watu walikuwa wanalipa kuchajiwa simu kwenye majenereta, foleni kama ya unga. Huku Pemba, mpaka waya wa baharini kutoka upande wa Tanga ulipofika mwaka 2010, tulikuwa tunategemea majenereta ya Wesha, na mwenye akili alikuwa anachaji anapouona umeme. Unguja ilipata waya mpya wa megawati 100 mwaka 2013. Umeme ukatengemaa, lakini mkono haukusahau: ukiona soketi tupu, unachomeka. Mama yangu mpaka leo ikishuka 90 anaanza kuulizia chaja.

Ninachomshauri mteja ni hiki. Chaji Magharibi mpaka Isha, ukienda kulala chomoa. Simu yenye betri nzima haitamaliza usiku ila asilimia chache. Ikiwa huna wakati mwengine ila usiku, iweke sakafuni au mezani, mbali na godoro na chandarua, na uwashe kinga niliyoieleza katika swali la 5. Godoro nalisema kwa uchungu: mimi mwenyewe niliwahi kuamka kwa harufu, foronya imebabuka duara la ukubwa wa kisosi, kwa chaja ya bei rahisi niliyoinunua dukani kwa sababu tu nilikuwa na haraka. Fundi simu mzima.

5. Kwani ni kweli nichomoe kwenye 80?

Kweli, inasaidia. Betri inayochezea baina ya 20 na 80 inaishi zaidi ya inayopelekwa 0 mpaka 100 kila siku. Huna haja ya kukesha ukiitizama. Samsung nyingi, iPhone kuanzia 15, Pixel na simu nyengine za sasa zina mpangilio wa kuzuia chaji isipite 80 au karibu na hapo. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya betri, utaukuta. Kuna na mwengine unaojifunza saa zako za kuamka: unaiacha simu kwenye 80 usiku, halafu unaimalizia ile 20 karibu na alfajiri. Huo ndio wa wanaoshindwa kuacha kuchaji usiku.

Lakini usiwe mtumwa wa asilimia. Mvuvi anayetoka alfajiri akarudi Alasiri ajaze 100 bila kujuta, ila aijaze karibu na kuondoka, isikae imeshiba usiku kucha. Simu ni ya kupigia. Umekwama Kigomasha, chombo kimeharibika mashine, na simu imezima kwa sababu ulikuwa unailinda betri: sijui ulikuwa unamlindia nani.

6. Kuna mtu kaniambia niiache izime kabisa ndiyo niichaji.

Mtu huyo alikuwa na simu ya betri ya nikeli (tizama la 3) na hakuna aliyemwambia kwamba mambo yamebadilika. Kwa lithiamu, chini kabisa nako ni pabaya. Anza kuchaji ukiona 20 au 30.

Ikikuzimikia siku moja njiani, usihangaike. Simu inajizima ikiwa bado imebakisha akiba ya kujilinda. Hatari ni kuiacha tupu wiki na miezi, na hiyo ina swali lake, la 22.

7. Nikichaji kidogo kidogo mchana kutwa?

Vizuri sana. Dakika ishirini hapa, kumi kule. Hesabu ya duru iko katika la 2.

## Joto

8. Fundi, wewe kila kitu unasema joto. Kwa nini?

Kwa sababu ndilo tunaloishi nalo. Nunua changu wawili pale Malindi asubuhi, mmoja umtie barafu, mwengine umwache juani. Adhuhuri huna haja ya kuuliza yupi kaoza. Kuoza ni kemia, na kuzeeka kwa betri ni kemia vile vile. Kwa kadirio la kawaida la wanakemia, kila joto likiongezeka nyuzi 10, mabadiliko ya aina hii yanakaribia kwenda kasi maradufu.

Apple inataka iPhone itumike penye joto la baina ya nyuzi 0 na 35, na inaonya kwamba kupita 35 kunaweza kuipunguzia betri uwezo moja kwa moja. Maneno yale yaliandikwa na watu wanaojua baridi ni nini. Kwetu wakati wa kaskazi, kivulini tu unapita nyuzi 30. Tuko ukingoni kabla hatujachomeka chochote. Kuchaji kwenyewe kunazalisha joto, kioo kinachong'aa kinazalisha joto, na intaneti ya kutafuta mnara kijijini inazalisha joto, maana simu inapiga kelele kuutafuta mnara ulio mbali. Kwenye dashibodi ya gari lililofungwa juani zinapita 50 bila shida.

Nina wateja wawili walionunua simu za aina moja, wiki moja. Mmoja ni mwalimu. Simu yake inakaa mkobani, inachajiwa ofisini. Wa pili ni bodaboda. Simu imefungwa kwenye usukani, ramani iko wazi, jua la saa saba linaipiga usoni, na waya wa chaji unatoka kwenye betri ya pikipiki. Mwaka ulipomalizika mwalimu hajawahi kuniletea. Bodaboda nimeshambadilishia betri, na ile niliyoitoa ilikuwa imeanza kutuna.

Kwa bodaboda dawa ni nyepesi: washa sauti ya ramani, simu iweke mfukoni. Kama lazima uione, usiichaji wakati huo huo.

9. Imepata moto sana. Niitie kwenye friji?

Usithubutu. Ukiitoa kwenye friji ukaileta kwenye hewa yetu hii ya unyevu, umande unaganda ndani kama unavyoganda kwenye chupa ya soda. Utakuja kwangu kwa ugonjwa mwengine, wa bodi (ile sahani ya mitambo ndani ya simu), na huo ni ghali kuliko betri. Chomoa chaja, vua kava, funga programu nzito, ilaze kwenye sakafu ya saruji au vigae mbele ya feni. Dakika kumi zinatosha.

10. Kuitumia wakati inachaji kuna madhara?

Ujumbe, kusoma, simu ya kawaida: hakuna neno. Gemu, video ya dakika arubaini, simu ya picha na ndugu walioko Oman, au kuwagawia wenzako intaneti: hapo inapata joto pande mbili, la kuchaji na la kufanya kazi. Ukiishika ukahisi vuguvugu, sawa. Ukiona unataka kuihamisha mkono, acha kimoja.

Ile imani kwamba ukipokea simu inayochaji italipuka ni ya kupima. Kwa chaja nzima, hapana. Kwa chaja feki, hatari iliyo karibu zaidi ni umeme kukufikia wewe (la 15).

11. Kava linaharibu betri?

Kava nene la mpira linazuia joto lisitoke. Livue unapochaji kwa kasi, basi.

## Umeme wetu, jua, na pawabenki

12. Umeme ukikatika na kurudi, au ukiwa mdogo, betri inaumia?

Betri mara chache. Chaja ndiyo inayotangulia kufa. Umeme ukirudi, mara nyengine unarudi kwa kishindo, volti zinaruka juu ya zile 230 za kawaida kwa muda mfupi. Chaja nzuri ina kinga ya kumeza kishindo kidogo. Chaja mbovu inakipitisha. Kwa hivyo umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, ngoja kama dakika kumi utulie, ndiyo uchomeke. Jirani yako atakuwa ameshawahi, mwache.

Umeme mdogo wa jioni, ule unaozifanya taa zififie na feni ijizungushe kwa uvivu, chaja haiuogopi. Soma maandishi madogo mgongoni: nyingi zimeandikwa 100–240V, yaani hata ukishuka mpaka 150 inafanya kazi. Friji ndiyo ya kuionea huruma.

13. Sisi kisiwani tunachajia sola. Ni salama?

Salama kabisa, ikiwa kuna kidhibiti cha chaji na betri katikati. Paneli inachaji betri kubwa, betri inachaji simu. Mafundi wanawake wa sola waliofunzwa kwenye chuo cha Barefoot pale Kinyasini wanafunga hivyo hivyo, na ukiwa na mmoja kijijini kwenu muulize yeye kabla ya kuniuliza mimi.

Kuunganisha simu moja kwa moja na paneli ndogo kuna kasoro mbili. Wingu likipita, chaji inakatika na kuanza, inakatika na kuanza, na simu nyengine zinakataa kabisa kuendelea. Ya pili ndiyo mbaya: watu wanailaza simu pale pale pembeni ya paneli, juani, kwa sababu waya ni mfupi. Paneli inataka jua, simu inataka kivuli. Nunua waya mrefu.

14. Pawabenki inaharibu betri ya simu? Na mbona haitoi kama ilivyoandikwa?

Haiharibu. Ni chaja kama chaja nyengine, ila usiifungie mkobani pamoja na simu inayochaji, maana joto linakosa pa kutokea.

Kuhusu namba, sikiliza hesabu. Zile mAh 20,000 (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri) zimepimwa kwenye volti 3.7 za betri iliyomo ndani. Simu inapokea kwa volti 5 au zaidi, na katika kugeuza kunapotea joto. Kinachofika ni kama theluthi mbili. Simu ya mAh 5,000 utaijaza mara mbili na nusu hivi, na hiyo ni pawabenki ya kweli. Ukiuziwa pawabenki nyepesi kama kiberiti iliyoandikwa 50,000, umeuziwa maandishi.

Wanaosafiri kwa ndege, Umra au kwengine: pawabenki inaingia mkobani mwa mkononi, haitiwi kwenye begi la mzigo, na mpaka wa kawaida ni wati-saa 100, ambazo ni kama mAh 27,000.

## Chaja na waya

15. Chaja ya kasi inaua betri?

Kwanza tuondoe dhana moja. Chaja haisukumi umeme ndani ya simu. Simu ndiyo inayovuta, kwa kiasi inachojua inaweza kukipokea. Chaja ya wati 65 kwenye simu ya wati 15 itatoa 15. Simu na chaja zinazungumza kabla ya kuanza.

Kasi yenyewe inaleta joto, na joto umeshalisoma. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana simu inakimbia mwanzo, halafu ikikaribia 80 inajivuta. Ukiwa na haraka tumia kasi. Usiku au ofisini, chaja ya polepole inatosha. Simu nyengine zina sehemu ya kuzima kasi kwenye mipangilio.

Ninayoiogopa ni chaja feki, iwe ya kasi au ya polepole. Ndani ya chaja nzima kuna nafasi na kizuizi baina ya zile volti 230 za ukutani na volti 5 za simu yako. Nimezifungua feki ambazo baina ya pande hizo hamna ila nafasi ya upana wa njiti ya kiberiti. Dalili unaziona mwenyewe: ni nyepesi mno, inavuma, inanuka plastiki, miguu ya plagi inacheza, au simu ikiwa kwenye chaji kioo kinakuwa kichaa, kinajigusa chenyewe na kuandika herufi usizoziandika. Ukiiona hiyo ya kioo, itupe siku hiyo hiyo. Usimpe mtoto.

16. Na waya?

Waya mwembamba unachaji polepole, hauui betri. Waya uliochubuka ufunge au uutupe. Kabla hujaja kwangu kulalamikia chaji ya kukatika katika, tizama tundu la chaji kwa tochi: robo ya "magonjwa ya betri" ninayoletewa ni nyuzi za mfukoni na mchanga wa Vumawimbi. Toa kwa kijiti cha meno, simu ikiwa imezimwa, usitumie sindano.

## Betri ishachoka

17. Simu inazima ikiwa na 30. Asilimia zinaniongopea?

Zinakisia. Hakuna kijiti kinachopima betri kama mafuta kwenye tangi. Simu inasoma volti na kupiga hesabu ya kilichoingia na kilichotoka. Betri ikizeeka ndani yake inakuwa nzito kutoa nguvu. Ukiipa kazi ndogo inaitikia, ukifungua kamera na mwanga wake volti zinaporomoka na simu inajizima ili isiharibike. Ukiichomeka unaikuta bado 30.

Disemba 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa inazipunguzia kasi iPhone za zamani zenye betri zilizochoka ili zisizime ghafla namna hii. Watu walikasirika, na haki yao, kwa kuwa hawakuambiwa. Lakini ugonjwa wenyewe ni wa kweli na dawa ni betri mpya.

Kama simu si ya zamani, jaribu mara moja: itumie mpaka izime, ichaji moja kwa moja mpaka 100. Hiyo inarekebisha ukisiaji wa asilimia, haiiponyi betri. Usiifanye kila wiki.

18. Mgongo wa simu umeinuka. Inaweza kusubiri mwisho wa mwezi?

Haiwezi. Betri imevimba, ina gesi ndani, na maji yake yanashika moto. Acha kuichaji sasa hivi. Izime. Usiibonyeze irudi, usiitoboe "itoe pumzi", usiilalie. Nimeletewa moja ambayo mzee alikuwa ameifunga kwa mpira wa baiskeli ili mgongo usifunguke, na anaichaji. Iweke kwenye chombo cha chuma au juu ya saruji mbali na vitu vya kuwaka, ilete kwa fundi. Hata makampuni makubwa yameumia kwa betri: Samsung iliiondoa sokoni Galaxy Note 7 mwaka 2016 kwa sababu zilikuwa zinashika moto.

Betri iliyotolewa usiitupe jaani pale moto unapowashwa kila jioni. Tuachie sisi.

19. Nikinunua betri mpya nitizame nini?

Uzito, kwanza. Betri nyepesi kuliko ya zamani haiwezi kuwa na uwezo mkubwa zaidi yake, hata iandikwe nini. Tizama mAh zilingane na za simu yako. Zikizidi sana kwa umbo lile lile, ni uongo. Tizama tarehe kama ipo, maana betri iliyokaa dukani miaka mitatu kwenye joto letu imeshazeeka bila kutumika (la 1). Na muulize fundi akupe wiki ya kuirudisha. Anayekataa wiki moja anaijua bidhaa yake.

20. Programu za kuponya betri zinafanya kazi? Na kubusti je?

Programu haigusi kemia. Nyingi zinakula chaji zikikuonesha matangazo.

Kubusti ni kitu chengine: fundi anaipa betri iliyolala umeme kidogo kutoka nje ili iamke, simu ikubali kuichaji. Inafanya kazi kwa betri iliyoishiwa juzi. Anayekubustia betri ile ile kila mwezi anakula pesa zako.

## Kesi zisizo za kila siku

21. Imeanguka baharini. Niitie kwenye mchele?

Mchele ule uupike. Maji ya chumvi yakikauka yanaacha chumvi, na chumvi haivutwi na punje. Kibaya zaidi ni kuchomeka chaja "kuona kama inawaka": umeme ukipita kwenye tundu lenye maji ya bahari, pini zinaliwa na kutu ya kijani kwa saa chache. Izime, toa laini na memori kadi, usichaji, ilete siku hiyo hiyo tuifungue na kuisafisha kwa spiriti. Wanaolima mwani Paje na Jambiani au huku kwetu Pemba watie simu kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga kabla ya kushuka majini. Ni senti kidogo.

22. Naenda dago (kambi ya uvuvi) miezi mitatu na simu yangu nzuri naiacha nyumbani. Niiache vipi?

Iache nusu, 50 hivi, umeizima. Usiiache 100, itakaa imeshiba kwenye joto miezi mitatu. Usiiache 0, itaendelea kushuka yenyewe mpaka pasipofaa. Iweke pahala penye ubaridi wa kawaida, si juu ya kabati chini ya bati. Ukipita miezi sita hujarudi, mwambie mtu aichaji tena nusu.

23. Simu ya marehemu baba imekaa sandukuni miaka mitatu. Mna sauti yake na picha. Naweza kuichaji?

Swali hili naulizwa zaidi ya mnavyodhani, na kwa kawaida anayeuliza ameshajaribu mara moja, ameogopa, ameacha. Ameacha vizuri.

Betri iliyoshuka chini mno kwa miaka, shaba iliyomo ndani yake inaweza kuyeyuka ikahamia pahala ambapo si pake. Ukiilazimisha chaji, pale inaweza kupiga shoti. Tizama kwanza kama mgongo umeinuka. Ukiwa umeinuka, rudi la 18, na usiichomeke. Ikiwa iko bapa, bado usiichomeke. Niletee. Picha na sauti hazikai ndani ya betri, zimo kwenye bodi, na bodi haizeeki kwa kukaa sandukuni kama betri. Tunatoa betri ya zamani, tunatia nyengine au tunaipa umeme wa mezani, inawaka, tunanakili.

Njoo na namba ya siri kama mnaijua, au kaa na ndugu zako mujikumbushe namba alizokuwa akizipenda. Bila ya namba hiyo simu nyingi hazifunguki hata na fundi, na ukijaribu ovyo mara nyingi nyengine zinajifuta. Usijaribu nyumbani. Na njoo asubuhi, meza ikiwa bado haina watu, kwa sababu ikiwaka na sauti ikatoka hutapenda uisikie mbele ya foleni.